Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kitaro na Mizuka ya Kijapani

Nikimtajia mtu GeGeGe no Kitaro, manga (hadithi ya picha) ya Kijapani, maswali huwa ni yale yale, na mengine huulizwa kwa wasiwasi wa kweli. Nimeyakusanya hapa niyajibu kwa nafasi, kwa sababu naipenda kazi hii na ningefurahi kuiona ikipata wasomaji wengi wa Kiswahili. Majina ya wahusika nimeyaacha kama yalivyo, ila lile linalotafsirika nimelipa na jina la kwetu, ili msomaji asikie Mjapani anachosikia.

Kitaro ni nani hasa?

Ni mtoto wa kiume aliyezaliwa kaburini, wa mwisho katika Kabila la Mizimu, watu wa kale waliokuwepo duniani kabla ya binadamu kuijaza. Nywele zimemfunika upande wa kushoto wa uso kwa kuwa jicho la upande huo hana. Amevaa kizibao cha milia kilichofumwa kwa nywele za wahenga wake, na miguuni ana geta, viatu vya mti ambavyo mtu wa pwani akiviona ataviita mitalawanda bila kusita. Vyote hivyo ni silaha. Kizibao humkinga na pia humkaba adui, mitalawanda huruka yenyewe ikapiga na kurudi mguuni, nywele huchomoka kama sindano, na unywele ukisimama wima kichwani pake, basi karibu kuna mzuka.

Kazi yake ni kuingia kati ya watu na mizuka wanapogombana. Mtu akisumbuliwa humwandikia barua, naye huja. Malipo hadai. Aliyemchora ni Mizuki Shigeru, aliyezaliwa 1922 na kufariki 2015 akiwa na miaka 93.

Manga hii ina uhusiano wowote na pilipili manga?

Hapana. Manga yetu ni jina la kale la Uarabuni, hasa upande wa Omani, na ndiko zilikotoka pilipili manga na komamanga. Manga ya Kijapani ni hadithi ya picha, neno tofauti kabisa lililogongana na letu kwa sauti tu.

Yokai ni nini, na kwa Kiswahili tuwaiteje?

Neno lenyewe huandikwa kwa herufi mbili za Kichina, na zote mbili zinagusa maana ya jambo la ajabu, lisiloeleweka. Humo wanaingia viumbe chungu nzima. Yupo kappa wa mtoni, mwenye kisahani cha maji utosini na mapenzi makubwa ya tango. Yupo zashiki-warashi, mtoto anayekaa katika nyumba za kale za mkoa wa Iwate na kuipa neema nyumba anayoishi. Yupo akaname, anayekuja usiku kulamba uchafu wa bafuni. Upo hata mwavuli mkuukuu uliopata jicho moja na ulimi, unaorukaruka kwa mguu mmoja. Huo mwavuli una ukoo wake: Wajapani wa zamani walisema chombo kikitimiza miaka 100 hupata roho, na vyombo vya namna hiyo wakaviita tsukumogami.

Sasa tafsiri. Wengi hukimbilia "jini", mimi sikubali. Jini kwetu ana dini, ana kabila, humpanda mtu kichwani, na ametajwa katika Kurani. Yokai hana hata moja kati ya hayo. "Mzimu" ni wa wahenga na wafu, na Kijapani kina neno jingine kwa roho ya aliyekufa, yurei. "Shetani" linamhukumu kiumbe kabla hajafanya lolote. "Zimwi" ni mla watu wa ngano, ilhali akaname wala hana habari na nyama yako, anataka ukoga wa bafu lako tu.

Neno linalonikaa moyoni ni "mzuka". Limetokana na kuzuka, na hilo ndilo hasa yokai afanyalo: huzuka njiani, chooni, darini, wewe ukapigwa na butwaa, yeye akatoweka. Vijana wa Tanzania wamekwisha kulipa neno hili maana nyingine, ya msisimko na uchangamfu, na sioni kama hiyo inaharibu kitu. Mizuka wa Mizuki ni wachangamfu kweli kweli.

Kama ni hadithi ya makaburi, kichekesho kinatoka wapi?

Kinatoka kwenye shida ndogo ndogo. Mizuka hawa wanaona njaa, wanaona baridi, wanagombea chakula, wanasinzia wakati wa mkutano. Mwenye nguvu za kuzamisha kijiji kizima anaweza kukasirika kwa sababu kelele za watu zimemkatiza usingizi, na ukimsikiliza utaona ana haki. Mizuki hawachori wakiwa majitu ya gizani yanayongojea kumrukia mtu. Anawachora kama majirani wa muda mrefu, wenye tabia zao, ambao sisi ndio tuliohamia karibu nao na kuanza kujenga barabara juu ya vitanda vyao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Medama-oyaji, yaani Baba Jicho. Ni mboni moja ya jicho yenye kimwili chembamba, kikono huku na kikono huku, miguu miwili, urefu wake wote haufiki kiganja. Huyu ndiye baba mzazi wa Kitaro. Ana elimu ya mizuka kuliko kiumbe yeyote, na sauti yake nyembamba hutoka katika nywele za mwanawe, ambamo hupenda kukaa. Burudani yake kuu ni kuoga maji ya moto ndani ya bakuli la chai. Kitaro humchemshia maji, humjazia bakuli, na mzee hukaa humo akiwa ameegemeza kichwa ukingoni, na kichwa ndiyo hiyo mboni, mvuke ukipanda. Dunia inaweza kuwa inaungua nje. Mzee kwanza amalize kuoga.

Mpwa wangu wa miaka tisa alipofika kwenye picha hiyo alisimama. Hakucheka. Alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mjomba, sabuni haimwingii?" Nilimwambia aendelee kusoma, lakini tangu siku ile nami kila nikiona bakuli lile huangalia kama kuna sabuni.

Ilikuwaje baba akawa jicho?

Hapa hadithi ni ya huzuni, na inafaa kujulikana. Katika toleo la 1960, mume na mke wa mwisho wa Kabila la Mizimu wanaishi kwa ufukara na maradhi. Mwanamume wa benki ya damu, ambaye Mizuki alimpa jina lake mwenyewe, anafuatilia damu ya ajabu iliyomfikia mgonjwa hospitalini, na nyayo zinamfikisha kwa majirani hao. Wote wawili wanakufa. Mwili wa baba umekwisha kuoza kwa ugonjwa, na mama, aliyekuwa mjamzito, anazikwa. Kisha udongo wa kaburi unatikisika, na mtoto anatambaa kutoka humo.

Baba alipojua kwamba mwanawe atakuwa peke yake duniani, jicho lake moja lilikataa kufa. Likadondoka kutoka kwenye maiti, likaota mwili, likaenda kumlea mtoto. Ukishajua hilo, lile bakuli la maji moto halikuchekeshi tu tena.

Je, Mizuki ndiye aliyemtunga Kitaro?

Aliyempa uhai tunaoujua ni yeye, ila mbegu ni ya zamani zaidi. Japani wana masimulizi ya mama aliyekufa na mimba, akazikwa, akajifungulia kaburini, kisha kila usiku akawa anatoka kwenda dukani kununua peremende za kumlisha mtoto. Mwenye duka akamfuata, akasikia kilio cha mtoto chini ya ardhi. Kyoto hadi leo kuna duka linalouza peremende kwa jina la hadithi hiyo.

Miaka ya 1930 masimulizi hayo yaliingia katika kamishibai, mchezo wa picha za karatasi. Mchezeshaji alikuja na baiskeli, akawauzia watoto peremende, kisha akawasimulia huku akichomoa picha moja moja kutoka kwenye kisanduku cha mbao. Mchezo wa wakati huo uliitwa Hakaba Kitaro, Kitaro wa Makaburini, na mtunzi wake alikuwa Ito Masami. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia Mizuki alichora kamishibai kwa riziki yake mjini Kobe, na katikati ya miaka ya 1950 akaruhusiwa kuendeleza Kitaro kwa njia yake. Hata jina Mizuki alilipata Kobe. Jina lake la kuzaliwa ni Mura. Mizuki lilikuwa jina la mtaa wenye nyumba aliyokuwa akipangisha vyumba.

Televisheni ilipoingia, kamishibai ikafa. Mizuki akahamia kwenye vitabu vya picha vya kukodi, ambavyo msomaji alivichukua dukani kwa siku chache na kuvirudisha. Malipo yalikuwa duni. Alipooa mwaka 1961 nyumba ilikuwa haina kitu, na mkewe, Mura Nunoe, ameyaeleza maisha hayo katika kitabu chake, kilichotengenezewa tamthilia ya televisheni ya NHK mwaka 2010. Mwanga ulianza 1965: alipata tuzo ya manga za watoto ya kampuni ya Kodansha kwa kazi nyingine, na mwaka huohuo Kitaro akaingia katika Shonen Magazine, jarida la kila wiki la wavulana.

"GeGeGe" maana yake nini?

Ni utani wa utotoni. Mizuki alipokuwa mdogo hakuweza kutamka jina lake, Shigeru. Alisema "Gegeru", na wenzake wakamwita Gege. Manga iliitwa Kitaro wa Makaburini hadi 1967. Watu wa televisheni waliona neno makaburi halifai kwenye kipindi cha watoto, likabadilishwa. Kwa hiyo makaburi yalitoka, na jina la mtoto mwenye ulimi mzito likakaa mahali pake.

Kwa nini Nezumi-otoko hafukuzwi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira kuliko yote. Nezumi-otoko, Bwana Panya, ni nusu mtu nusu mzuka. Ana sharubu za panya, joho moja ambalo halijawahi kuona maji, na mdomo unaonuka kiasi cha kumwangusha adui. Anajigamba ameishi zaidi ya miaka 300. Katika hadithi nyingi ndiye chanzo cha balaa. Akipata harufu ya pesa humuuza Kitaro, huvunja jiwe lililomfungia mzuka mbaya, huwa wakala wa tajiri anayetaka kufyeka msitu, na mambo yakiharibika hurudi kwa rafiki yake akiwa amejikunja kama mtoto. Binti Paka, Neko-musume, humparura uso. Kitaro humzaba kofi. Kisha wanakwenda nyumbani pamoja.

Katika Vita Vikuu vya Mizuka, hadithi ya 1966, mizuka wa Magharibi wakiongozwa na Backbeard, pamoja na Dracula, mbwa mwitu mtu na jitu la Frankenstein, wanavamia kisiwa cha kusini mwa Japani. Kitaro anakwenda huko na wenzake wachache. Hata katika hali hiyo, Bwana Panya anapima upande upi una nafasi ya kushinda.

Mbona basi anasamehewa? Mizuki alisema wazi kwamba katika wahusika wote huyu ndiye anayempenda zaidi, na mimi namwelewa. Kitaro ni mwema bila kupungukiwa, na mtu wa namna hiyo hawezi kuibeba hadithi ya kuchekesha peke yake. Bwana Panya ndiye anayejua kulala na njaa. Hana ukoo, watu wanamkataa na mizuka wanamkataa. Kila mpango wake ni mpango wa mtu anayetaka kula vizuri mara moja tu, naye kila mara mlo humponyoka mdomoni. Yule aliyemchora alikuwa akinunua ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi kwa kuwa ziliuzwa rahisi. Nikimtazama Bwana Panya akipiga hesabu kwa vidole vyake, namwona Mizuki wa miaka ile akipiga hesabu ya kodi.

Ni kweli Mizuki alikuwa na mkono mmoja?

Ni kweli. Alipelekwa vitani mwaka 1943, Rabaul, kisiwa cha New Britain, ambacho leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Kikosi chake kidogo kilishambuliwa alfajiri, wenzake wakafa wote, naye aliyekuwa kwenye zamu ya ulinzi akakimbia porini na baharini hadi akawafikia Wajapani wengine. Hawakumpongeza. Alikaripiwa kwa kurudi hai wakati wenzake wamekufa. Baadaye, akiwa amelala na malaria, bomu la ndege lilimjeruhi mkono wa kushoto, ukakatwa bila dawa ya usingizi.

Kilichomponya nafsi ni wenyeji, Watolai. Alitembea kwenye kijiji chao kinyume cha amri, wakampa matunda na viazi, wakamwita Paulo, wakamkatia na shamba ili abaki nao vita vitakapokwisha. Alitaka kubaki kwa dhati. Alishawishiwa arudi Japani kwanza akawaone wazazi, na ikamchukua miaka ishirini na kitu kuwarudia rafiki zake. Maisha yake yote yaliyofuata alichora kwa mkono wa kulia, akiilalia karatasi kwa bega ili isisogee.

Ndiyo maana mimi simwoni Kitaro kama hadithi ya kutoroka maisha. Mtu aliyeona maofisa wakiwatuma vijana wakafe kwa ajili ya heshima hawezi tena kumchora mzuka wa mtoni kuwa ndiye tishio kuu duniani. Katika manga yake ya vita ya 1973, inayohusu kikosi kilichoamriwa kufa huko New Britain, hakuna mzuka hata mmoja, nayo ndiyo inayotisha kuliko kazi zake zote nilizosoma.

Nonnonba alikuwa nani?

Bibi mmoja wa Sakaiminato, mji wa bandari katika mkoa wa Tottori, alikolelewa Mizuki. Jina lake Kageyama Fusa. Nonnon ni namna ya huko ya kuwaita wanaomtumikia Buddha, na kwa kuwa yeye na mumewe walikuwa watu wa sala, ikawa jina lake. Alikuwa akisaidia kazi nyumbani kwa akina Mizuki, na alijua kila mzuka kwa jina.

Mtoto Shigeru akilala chali alikuwa akitazama madoa ya dari. Nonnonba akamweleza kwamba hayo ni ya tenjo-name, mlamba dari, ambaye huja usiku wa manane watu wakiwa wamelala, akainyoosha shingo, akailamba dari kwa ulimi mrefu, na unyevu wa ulimi ndio unaoacha doa. Mtoto akatazama tena juu. Doa lilikuwapo. Ushahidi ukatosha.

Mizuki aliyachora maisha hayo katika kitabu kiitwacho NonNonBa, na mwaka 2007 kilipata tuzo ya kitabu bora katika tamasha la Angoulême nchini Ufaransa, mara ya kwanza kwa Mjapani.

Mizuka hawa ni wa masimulizi ya kweli au amewatunga?

Wengi ni wa kweli, kwa maana ya kwamba wanakijiji waliwasimulia kabla yake. Lakini sura zao, hapo ndipo kazi yake kubwa ilipo.

Katika miaka ya 1930 mwanazuoni Yanagita Kunio alichapisha orodha ya majina ya yokai kutoka vijiji mbalimbali, kila mmoja na mistari michache ya maelezo, bila picha. Rafiki wakubwa wa Kitaro wametoka humo. Nurikabe, Ukuta wa Kusiliba, ni wa pwani ya Fukuoka: mtu anatembea usiku, ghafla mbele yake pana ukuta asiouona mwisho. Ukipiga kwa juu hupati kitu, ukifagia kwa fimbo sehemu ya chini unatoweka. Ittan-momen ni jora la kitambaa cha pamba la Kagoshima, lenye urefu wa mita kama kumi, linalopepea usiku na kuwavamia watu. Sunakake-baba, Bibi Mrusha Mchanga, ni wa Nara, huwarushia mchanga wapitao karibu na misitu ya mahekalu, na masimulizi yanasema hakuna aliyewahi kumwona. Konaki-jiji, Babu Mlia Kitoto, ni wa milima ya Tokushima: analia kama mtoto mchanga, ukimwinua anakung'ang'ania na kuwa mzito, mzito zaidi, hadi unaishiwa pumzi.

Sasa fikiria kazi ya mchoraji. Bibi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, utamchoraje? Ukuta usioonekana, utaupa uso gani? Mizuki aliupa ukuta macho mawili ya usingizi na miguu mifupi, akalipa jora la pamba mikono miwili na akamfanya Kitaro alipande kama chombo cha angani. Leo ukimwambia mtoto wa Kijapani amchore Nurikabe, atamchora wa Mizuki. Na Mizuki mwenyewe alisema alikutana na Nurikabe usiku ule alipokuwa akikimbia msituni New Britain: kitu kizito, cheusi, kilimzuia njia, akachoka, akaketi, na alipotaka kwenda tena hakikuwapo.

Wengine aliwachota kutoka kwa Toriyama Sekien, mchoraji wa karne ya 18 ambaye kitabu chake cha gwaride la mizuka kilitoka 1776. Msomaji mwenye jicho la taratibu afungue kazi zote mbili aone. Mahali pa Sekien ni mstari mwepesi wa wino, mahali pa Mizuki ni msitu uliojazwa nukta kwa nukta, kila jani na kila jiwe la hekalu limepewa haki yake, na katikati amesimama mhusika mwenye uso wa mistari mitatu. Humwamini mzuka kwa sababu ya mzuka. Unamwamini kwa sababu ya msitu.

Kusoma hadithi hizi si ushirikina?

Nauheshimu wasiwasi huu, na wanaoniuliza mara nyingi ni wazazi. Kitaro hafundishi mtu kuita roho, kupiga ramli wala kutoa kafara. Mizuka humo hawaabudiwi. Ni wahusika wa ngano, kama Sungura na Fisi walivyo kwetu, ingawa masimulizi ya Japani yana mizizi katika imani za kale. Yanagita aliamini kwamba baadhi yao walikuwa miungu ya vijijini iliyosahauliwa na kushuka hadhi.

Tofauti ipo katika kazi nyingine ya Mizuki, Akuma-kun, ambamo mvulana mwenye akili nyingi humwita shetani kwa kuchora duara la uchawi. Mzazi asiyetaka jambo hilo nyumbani kwake asianze na kitabu hicho.

Inafaa kwa watoto wa umri gani?

Inategemea toleo. Kitaro wa vitabu vya kukodi, mwaka 1960 na kuendelea, ni mkavu na wa kuogofya, anavuta hata sigara, na wanadamu wengi wanaokutana naye huishia pabaya. Kitaro wa Shonen Magazine ni shujaa wa watoto, na kuanzia miaka minane au tisa naona hapana tatizo, mradi mtu mzima awe karibu kwenye kurasa za usiku. Filamu ya 2023 inayoeleza kuzaliwa kwake ni ya watu wazima kwa maoni yangu.

Nitaipata kwa lugha gani?

Kwa Kiingereza wamechapisha Drawn & Quarterly wa Kanada tangu 2013. Wasomaji wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa wana bahati zaidi, kwa kuwa Cornélius wa Ufaransa walianza mapema na wana kazi nyingi za Mizuki. Manga huanzia kulia kwenda kushoto. Aliyepitia madrasa hatapata taabu.

Na katuni za televisheni?

Mfululizo wa kwanza ulianza Januari 1968, bado picha hazina rangi, na tangu hapo karibu kila muongo una Kitaro wake: 1971, 1985, 1996, 2007, na 2018. Wimbo wa ufunguzi, maneno yake aliyaandika Mizuki mwenyewe, unawasifu mizuka kwa kuwa hawana shule wala mitihani, na umeimbwa upya katika kila mfululizo.

Kitu kimoja kinachonigusa: aliyemtolea sauti Kitaro mwaka 1968 ni Nozawa Masako, ambaye vijana wanaijua sauti yake kwa Goku wa Dragon Ball. Mwaka 2018, nusu karne baadaye, alirudi, safari hii kama Baba Jicho. Aliyekuwa mwana akawa baba. Ukisikiliza vipindi vya pande zote mbili, sikio linajua.

Nikifika Japani niende wapi?

Sakaiminato. Panda treni Yonago, ambayo stesheni yake imepewa jina la utani la Bwana Panya, ushuke mwisho wa reli, stesheni ya Kitaro. Mwaka 1993 mji uliweka sanamu 23 za shaba kwenye barabara ya maduka iliyokuwa ikififia. Sasa zimepita 170, taa za barabarani zina umbo la jicho, na kuna makumbusho ya Mizuki yaliyofunguliwa 2003. Uwanja wa ndege wa karibu nao unaitwa Yonago Kitaro.

Wajapani wa leo wanawaamini kweli?

Wengi watakwambia hapana. Lakini mwanzoni mwa 2020, korona ilipoingia, watu waliikumbuka karatasi ya habari ya mwaka 1846 kutoka nchi ya Higo, Kumamoto ya leo. Inamwonyesha kiumbe wa baharini mwenye nywele ndefu, mdomo wa ndege na magamba ya samaki, jina lake Amabie, aliyeagiza kwamba maradhi yakienea watu wachore picha yake na kuonyeshana. Wakachora. Wapishi wa keki, walimu, wachora manga, Wizara ya Afya kwenye tangazo lake. Ofisi ya Mizuki nayo ilitoa picha ya Amabie aliyoichora marehemu, na ikasambaa nchi nzima ndani ya siku chache. Sijui jina la imani ya namna hiyo. Walikuwa wamefungiwa ndani, wakashika kalamu.

Nianze na mzuka gani?

Anza na Betobeto-san. Hana meno, hana kucha, hadai kitu. Ni sauti ya nyayo nyuma yako unapotembea peke yako usiku: wewe hatua, naye hatua, ukisimama, naye anasimama. Mizuki alimchora kama duara jeupe lenye mdomo mpana unaocheka na miguu miwili iliyovaa mitalawanda, basi. Dawa yake wanaijua watoto wote wa huko. Unasogea pembeni ya njia, unampisha, unamwambia kwa adabu: "Betobeto-san, tafadhali tangulia." Nyayo zinakupita.